Vita ya haki za mpira na usiku wa mtoto wako

Kibiti. Mara ya mwisho Simba na Yanga zilipokutana, mtoto wako aliangalia wapi mpira?

Kama unaishi Kibiti mjini, Bungu au Jaribu Mpakani, huenda jibu ni sebuleni kwa jirani mwenye king'amuzi. Kama uko Nyamisati, au ndani zaidi ya delta ya Mto Rufiji kule Mbwera, Msala, Kiongoroni na Maparoni, huenda jibu ni kibanda umiza: chumba kimoja, dishi juu ya bati, mabenchi ya mbao na kiingilio mlangoni. Na kama mtoto ameshapevuka, huenda aliinamia simu ya kaka yake gizani hadi bando likakata.

Sasa swali la pili. Alirudi saa ngapi, alirudi na nani, na baada ya mpira kwisha alionyeshwa nini?

Maswali haya yanaonekana ni ya malezi tu, ya mama na baba na fimbo iliyo nyuma ya mlango. Lakini sehemu ya majibu yake iliandikwa mbali na nyumba yako, kwenye mikataba ya haki za matangazo ya michezo. Mikataba hiyo ndiyo inayoamua mechi itaonekana kwenye king'amuzi kipi, kwa bei gani, na mara nyingi saa ngapi. Mzazi wa delta hakai kwenye kikao kinachoisaini, ila gharama yake inamfikia. Nyingine inamfikia kwa shilingi, nyingine kwa usingizi wa mtoto.

Makala haya yanaeleza vita hiyo inavyokwenda na namna familia inavyoweza kujipanga bila kumnyima mtoto mpira.

Mpira unavyouzwa

Mwenye ligi huuza ruhusa ya kuionyesha. Kituo kinachoshinda hupewa ruhusa hiyo peke yake, kwa eneo fulani na kwa idadi fulani ya miaka, kisha hurudisha fedha zake kwa kutuuzia vifurushi.

Hapa kwetu, Ligi Kuu ilipata mkataba wake wa kwanza na Azam mwaka 2013, wa miaka mitatu, wenye thamani ya zaidi ya Sh5 bilioni. Yanga iliupinga wakati ule. Mwaka 2016 ukaja mwingine wa miaka mitano, wa Sh23 bilioni. Mei 2021, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media wakasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni.

Tazama ngazi hiyo: kutoka bilioni tano na ushei hadi zaidi ya bilioni 225 ndani ya miaka minane. Fedha hizo zimezifaa klabu, hasa ndogo zisizo na mashabiki wa kujaza viwanja. Mchezaji anayelipwa kwa wakati ni mtoto wa mtu, na huenda kesho akawa wa kwako. Kwa hiyo mwandishi huyu hasemi kwamba haki za matangazo ni kitu kibaya. Anasema zina bili, na bili hiyo ina anwani.

Upande wa pili wa chumba kuna Ligi Kuu ya England. Kwa miaka mingi imeonekana Afrika Mashariki kupitia SuperSport, iliyo ndani ya DStv ya kampuni ya MultiChoice. Septemba 2025 kampuni ya Ufaransa, Canal+, ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice. Maana yake, uamuzi kuhusu kile ambacho baba wa Bungu atakiona Jumamosi jioni sasa unaweza kufanywa Paris.

Wenye umri mkubwa kidogo wanaikumbuka GTV. Iliingia mwaka 2007 kwa kishindo, ikiwa na mechi nyingi za England na bei ya kuvutia. Januari 2009 ikafunga ghafla, na watu wakabaki na visahani juu ya paa na ving'amuzi visivyoonyesha kitu. Vingine viligeuka kuwa vya kuanikia dagaa.

Hata karibuni tuliona jambo la aina hiyo. Fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ambako Taifa Stars ilishiriki, haki zake kwa nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa mikononi mwa kituo cha Togo, New World TV. SuperSport ilitangaza kwanza kwamba haitazionyesha. Siku chache kabla ya mechi ya ufunguzi, Januari 13, ikatangaza kwamba itazionyesha. Mzazi aliyekimbilia kununua king'amuzi kingine katikati ya matangazo hayo mawili alilipa gharama ya mvutano usiomhusu.

Ushindani usioshusha bei

Tumezoea kusikia kwamba wafanyabiashara wakishindana, bei hushuka. Kwa nini basi kwenye mpira haishuki?

Nenda Nyamisati asubuhi boti zinaporudi. Wauzaji wawili wakileta kamba walewale, mnunuzi anasogea kwa huyu, anarudi kwa yule, na bei inateremka. Lakini tuseme mmoja amepewa haki ya kamba wote wa delta, na mwingine haki ya samaki wote. Mbele ya mnunuzi hawashindani tena. Walishindana mapema, kule walikokwenda kununua haki. Anayetaka kamba na samaki hulipa mara mbili, na kila mmoja anapanga bei akijua mwenzake hana bidhaa ile.

Mpira uko hivyo. Shabiki wa Yanga ambaye pia ni shabiki wa Arsenal hawezi kuwachonganisha wauzaji, kwa sababu hakuna anayeuza vyote. Kadiri vituo na majukwaa ya mtandaoni yanavyoongezeka, ndivyo mechi zinavyogawanywa vipande vingi zaidi, na kila kipande kina kifurushi chake.

Wenzetu wa Ulaya wameyaona haya kabla yetu. Uingereza, mkataba wa Ligi Kuu ulioanza msimu wa 2025/26 una thamani ya Pauni 6.7 bilioni kwa miaka minne, na mechi zimegawanywa kati ya Sky na TNT. Ufaransa, jukwaa la mtandaoni la DAZN lilichukua sehemu kubwa ya ligi mwaka 2024, likaachana nayo baada ya msimu mmoja tu, na ligi ikaanzisha chaneli yake yenyewe. Shabiki wa kule naye hubadilisha malipo kila anapozoea.

Tofauti yetu na wao ni namna fedha inavyoingia nyumbani. Kifurushi kinahesabu siku 30. Kipato cha mvuvi wa delta kinahesabu bamvua na maji mafu, na cha mkulima wa mpunga kinahesabu mavuno. Fedha ikipatikana leo, kifurushi kinalipwa. Mechi ikiahirishwa kesho, kifurushi kinaendelea kula siku zake.

Machi 8, 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile iliyopaswa kuchezwa. Ilichezwa Juni 25, zaidi ya miezi mitatu baadaye. Kila aliyelipia kifurushi kwa ajili ya siku ile moja anajua alichokiona: wachambuzi wakizungumza.

Simu imeingia uwanjani

Sasa kuna mlango wa tatu, nao uko mfukoni. Azam ina programu yake ya simu, AzamTV Max. DStv nayo ina njia yake ya kuangalia kwa intaneti. Mwaka 2024 Showmax ilileta huduma ya Ligi Kuu ya England iliyotengenezwa kwa ajili ya simu pekee. Dunia nzima iko njiani kuelekea huko. Mwaka 2025 mechi zote za Kombe la Dunia la Klabu zilirushwa bure na DAZN kupitia mtandao.

Kwa mzazi, simu ina faida moja kubwa: mtoto yuko ndani. Lakini ina mambo manne ya kupima.

La kwanza ni bando. Picha ya ubora wa chini hutumia chini ya GB moja kwa saa, na ile angavu inaweza kufika GB tatu. Mechi na mapumziko yake ni karibu saa mbili. Piga hesabu ya gharama ya bando juu ya gharama ya kifurushi, kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti.

La pili ni mtandao wenyewe. Kandokando ya Barabara ya Kilwa unashika vizuri. Ukishuka ndani, kwenye mito na mikoko, unapanda na kushuka kama maji. Na hata unaposhika, picha ya intaneti huchelewa. Redio ya jirani itashangilia goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

La tatu ni macho na usingizi. Simu inakaa karibu na uso, mara nyingi gizani, mara nyingi kitandani. Mwanga wa skrini na msisimko wa mechi huuchelewesha ubongo kutulia. Mtoto anaweza kuzima simu saa 4:00 na bado akawa macho saa 5:00.

La nne ni kilicho jirani na mpira. Ndani ya simu, hatua kati ya mechi na tovuti ya kubeti ni kidole kimoja. Sheria yetu inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini simu iliyosajiliwa kwa jina la baba haijui ni nani aliyeishika. Kijana anayeanza kuzungumza habari ya mkeka wake kuchanika anakuambia jambo. Msikilize kabla hujamkaripia.

Saa zinazoibwa usingizini

Mpira wa televisheni una saa zake. Kituo chenye haki za mechi zote hupenda zipangwe zikifuatana ili kila moja ionekane. Ndiyo maana siku hizi Ligi Kuu yetu ina mechi za jioni, za saa 1:00 usiku, na wakati mwingine za usiku zaidi. Mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4:00 usiku kwa saa zetu, na miezi ya baridi kule kwao huanza saa 5:00. Hiyo ina maana kwamba filimbi ya mwisho inapulizwa karibu saa 7:00 usiku, na ikiwa siku ya kazi, daftari la mtoto linasubiri asubuhi.

Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwenye miaka mitatu au minne apate saa 10 hadi 13, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku.

Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa darasa la tano anayeamka saa 11:30 alfajiri ili atembee kwenda shule alipaswa kuwa amelala saa 2:30 usiku ili apate saa 9. Akirudi kutoka kibandani saa 4:00, ameshapoteza saa moja na nusu. Akingoja mechi ya Ulaya, amepoteza nusu ya usiku.

Usingizi huo haupotei bure. Wakati mtoto amelala, mwili hutoa homoni ya ukuaji na ubongo huhifadhi aliyojifunza mchana. Asiyelala vya kutosha huwa na hasira za haraka, husahau, husinzia darasani na mwalimu humwita mvivu. Mzazi naye anamwongezea masomo ya ziada, kumbe dawa ilikuwa kitanda.

Mwaka huu mtihani ni mkubwa zaidi. Kombe la Dunia linaanza Juni 11, 2026 huko Marekani, Canada na Mexico, likiwa na timu 48 na mechi 104. Kwa tofauti ya saa iliyopo, mechi nyingi zitaangukia saa 4:00 usiku, saa 7:00 usiku na hata saa 10:00 alfajiri kwetu.

Ipo habari njema moja kutoka Ulaya. UEFA ilitangaza mwaka 2025 kwamba fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2026 jijini Budapest itaanza saa 12:00 jioni kwa saa za huko, badala ya saa 3:00 usiku iliyozoeleka, na sababu mojawapo iliyotajwa ni familia na watoto. Kwetu hiyo ni saa 1:00 usiku. Kumbe saa ya mechi haikuandikwa mbinguni. Wenye mpira wakitaka, inasogea.

Njia ya kurudi nyumbani

Kwenye mji wenye taa, mtoto akichelewa mzazi anahofia wezi na pikipiki. Kwenye delta hofu ni nyingine.

Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Vijiji vimekaa juu ya visiwa na kingo zilizotenganishwa na mito midogo. Kibanda chenye dishi si lazima kiwe upande wenu. Vijana huvuka kwa mtumbwi maji yakiwa yamejaa, wakaangalia mpira, na wakati wa kurudi maji yamekupwa. Mtumbwi ukipwelewa kwenye tope usiku, kuna kungoja au kushuka. Mto huu una mamba na viboko, na tope la mikoko halina huruma.

Mechi ikiingia muda wa nyongeza na penalti, maji hayangoji. Mzazi anayejua saa za maji anajua pia kama mechi ya usiku huo inafaa au haifai. Hilo ni somo ambalo babu wa delta anaweza kumfundisha mjukuu vizuri kuliko daktari yeyote.

Halafu kuna mbu. Mbu waenezao malaria huuma tangu giza linapoingia hadi alfajiri. Chandarua kinamlinda aliye ndani yake. Mtoto aliye kwenye benchi la kibanda saa 3:00 usiku, kaptura na fulana ya timu, yuko nje ya ulinzi ambao Serikali na familia wameugharamia. Wadogo wa chini ya miaka mitano wako kwenye hatari kubwa zaidi, na bado huonekana kibandani wamebebwa na kaka zao.

Ndani ya kibanda

Tusikitukane kibanda umiza. Kimewapa watu wa vijijini kitu ambacho vifurushi viliwanyima: mpira kwa bei ya siku. Mvuvi asiyeweza kulipa mwezi mzima hulipa jero au buku, anashangilia na wenzake, anarudi nyumbani. Ni baraza la kijiji lenye skrini.

Lakini kiafya kina mambo ya kuangalia. Chumba kimefungwa ili picha ionekane, watu wamebanana, hewa haizunguki. Kifua kikuu husambaa kwa njia ya hewa katika vyumba vya namna hiyo, na Tanzania bado iko kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Madirisha mawili yanayotazamana yanapunguza hatari kwa gharama ya nusu siku ya fundi.

Jambo jingine ni kinachofuata baada ya mpira. Vibanda vingine huunganisha mechi na filamu ili watu wasiondoke. Filamu ya saa 4:00 usiku haikuchaguliwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 10. Pembeni kunaweza kuwa na mashine ya kamari, sigara, na watu wazima ambao mzazi hawajui.

Mwenye kibanda naye yuko kwenye mtego wake. Kwa kawaida masharti ya king'amuzi cha nyumbani hayaruhusu kutoza watu kiingilio, na vifurushi vya biashara vina bei yake. Kadiri haki zinavyopanda bei, ndivyo anavyohitaji vichwa vingi zaidi ndani ya chumba kilekile, na mtoto naye ni kichwa.

Binti yako anaangalia wapi?

Kuna mtu hajatajwa mpaka hapa. Wakati mpira ulipoonekana sebuleni, mama alipita na sinia, akasimama, akauliza matokeo. Binti alikaa mkekani na kaka zake. Mpira ulipohamia kibandani, wao walibaki nyumbani, kwa sababu wazazi wengi hawamruhusu binti kukaa humo usiku, na kwa haki.

Matokeo yake ni kwamba katika nyumba moja, mtoto wa kiume anaujua mpira na wa kike anausikia. Hii ni nchi ambayo Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Binti wa Kiongoroni mwenye mguu mwepesi alistahili kuwaona.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa ni haki ya mtoto. Haikusema mtoto wa kiume.

Mzazi afanye nini

Kupiga marufuku mpira hakutasaidia. Mtoto aliyekatazwa hutoroka, na aliyetoroka haombi msaada akikwama njiani. Haya yanawezekana hata kwa kipato kidogo.

Panga ratiba ya mechi kama mnavyopanga safari. Mwanzoni mwa wiki kaeni na mtoto, mchague mechi moja au mbili zinazoisha kabla ya muda wake wa kulala. Za mchana na jioni za Jumamosi na Jumapili zipo. Mtoto aliyeshiriki kuchagua hubishana kidogo.

Piga hesabu ya kiingilio. Tuseme ni Sh500 na una watoto wawili wanaokwenda mara tatu kwa wiki. Hiyo ni Sh3,000 kwa wiki, Sh12,000 kwa mwezi, bila soda. Linganisha na bei ya kifurushi kidogo. Baadhi ya watoa huduma wana vifurushi vya siku au wiki, vinavyofaa zaidi kwa kipato cha bamvua. Familia mbili au tatu za ndugu zinaweza kuchangia na kuangalia pamoja nyumba moja, watu wazima wakiwapo.

Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: kifurushi hiki kina mechi ninayoitaka? Kinaanza kuhesabu lini? Mechi ikiahirishwa, nitabaki na nini? Jina la kifurushi kuwa na neno michezo halimaanishi kwamba kina ligi unayoipenda.

Rudisha redio. TBC Taifa imelea vizazi vya mashabiki kwa sauti tu. Redio haina mwanga, haina bando, na mtoto anaweza kuisikiliza akiwa ndani ya chandarua. Kipindi cha kwanza akisikiliza, cha pili akasimuliwa asubuhi, hajafiwa na mtu.

Weka simu kituoni. Amueni sehemu moja ambako simu zote hulala, isiwe kitandani. Weka namba ya siri kwenye akaunti ya fedha, na usimpe mtoto. King'amuzi nacho kina sehemu ya kufunga chaneli. Muulize fundi akuonyeshe.

Zungumzeni na mwenye kibanda, na msiende kwa ugomvi. Kupitia mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, wazazi wanaweza kukubaliana naye mambo machache: watoto wa shule waondoke saa fulani, filamu za wakubwa zisionyeshwe wakiwa ndani, madirisha yawepo, na Jumamosi mchana iwe na mechi ya familia ambayo mama na mabinti wataingia. Mwenye kibanda ni mzazi pia, na benchi lililojaa mchana ni fedha ileile.

Na kwa wanaoishi ng'ambo ya maji, kanuni ni moja: kama maji hayamruhusu kurudi, asiende. Au alale kwa shangazi hukohuko, na shangazi awe anajua.

Mwaka 2027 mpira unakuja nyumbani

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika. Mashindano makubwa kuliko yote barani yatachezwa kwa saa zetu, kwenye viwanja tunavyovijua majina. Agosti 2025 tulionja ladha yake kwenye michuano ya CHAN.

Uingereza, pamoja na mabilioni yake yote, inayo orodha ya mashindano ambayo sheria inalinda yaonekane kwenye vituo vya bure, likiwamo Kombe la Dunia na fainali ya Kombe la FA. Sababu yake ni kwamba kuna mechi ambazo ni za taifa zima, na taifa zima halina kifurushi. Swali hilo linafaa kuulizwa hapa mapema, kabla haki hazijagawanywa, na wa kuliuliza ni madiwani na wabunge wetu. Taifa Stars ikicheza Dar es Salaam, mtoto wa Msala hapaswi kuvuka mto usiku ili aione.

Mpaka hapo, mechi inayofuata ipo wiki hii. Tafuta itaanza saa ngapi, itaisha saa ngapi, na maji yatakuwa wapi saa hiyo. Kisha kaa na mwanao umwambie mtaiangaliaje.